Mlango wa Nyumba ya Mapacha

Mayige alikuja kudai kodi amevaa koti. Jua la saa saba, mwezi wa saba, Bariadi nzima inatafuta kivuli, yeye kajifunga koti zito la rangi ya majivu, kalamu tatu zimesimama mfukoni kana kwamba moja haitoshi kuandika jina lake. Milembe alimwona tangu anashuka kwenye pikapu. Hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya chumba chake anakata viazi vitamu vya kuanika michembe, akaendelea kukata, maana viazi vikishamenywa havimsubiri mtu, hata awe na koti.

Nyumba yenyewe ilikuwa banda refu la matofali mabichi, vyumba vitano vimefuatana kama mabehewa yaliyosahauliwa pale stesheni ya Malampaka, na choo kimoja nyuma ambacho mlango wake ulikuwa gunia. Mayige aliliita banda lile "mjengo". Milembe alipanga chumba cha mwisho, yeye na binti yake Kwandu. Kwandu alikuwa na mimba ya kutimia, na tumbo lake lilikuwa kubwa mpaka watu wakawa wanampisha njia. Mumewe alikwenda Geita kufuata dhahabu, na mpaka siku ile kilichokuwa kimerudi kutoka Geita ni salamu tu.

"Wapangaji wote nje!" akapaza sauti Bundala, mpagazi wa Mayige, kijana mwenye mabega ya kubeba magunia. "Mzee ana neno."

Wakatoka. Anatoli, fundi cherehani aliyekuwa pia katekista, alitoka na futi shingoni. Philomena, muuza samaki wa kukaanga, alitoka anafuta mikono kwenye khanga. Na wale wengine wawili wakatoka, wakasimama mstari kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha.

"Nimekuja kutoa notisi," akasema Mayige. "Notisi ni jambo la kisheria. Tangu Januari hamjalipa, huu mwezi wa saba. Jumamosi asubuhi nang'oa milango. Asiye na mlango atajua mwenyewe pa kwenda. Vyumba nataka niweke wafanyakazi wa kampuni."

"Ndiyo, mzee," akasema Anatoli, kisha akakohoa. "Lakini mzee, kwa heshima, ile pamba yetu ya mwaka jana..."

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Kila mmoja katika banda lile alikuwa na kishamba mahali. Milembe alikuwa na eka mbili alizoachiwa na marehemu mumewe upande wa Lalago, na kila msimu alikwenda kulima, akapalilia, akachuma, akarudi mjini. Mwaka uliopita wote walimpelekea pamba Mayige huyu huyu. Ushirika ulikuwa umelala chali, wanunuzi binafsi wameota kila kona, na Mayige alikuwa amepaka ukuta wa ghala lake maneno makubwa mekundu: MAYIGE NA WANAWE, WANUNUZI WA PAMBA. Mtoto wa kiume alikuwa naye mmoja, wa miaka miwili. Akachukua pamba yao, akawapa vikaratasi, akasema pesa wiki ijayo. Wiki hiyo ilikuwa bado haijaja.

"Tunaomba," akaendelea Anatoli, "kodi uikate humo humo kwenye karatasi zetu. Kitakachobaki utatupa ukijaliwa."

Mayige akacheka, akamgeuzia Bundala uso kama anayemwonyesha kichekesho.

"Unaona? Ndiyo maana hamwendelei. Pamba mliiuzia kampuni. Nyumba hii ni yangu mimi binafsi. Hivyo ni vitu viwili. Kampuni ikidaiwa inadaiwa kampuni, mimi nikidai nadai mimi. Hili ni soko huria, jamani, someni wakati."

"Kweli, mzee," akasema mmoja wa wale wawili, ambaye hata hakuulizwa.

Milembe akaweka kisu chini.

"Hiyo kampuni inakaa wapi, baba?"

"Ofisini, pale ghalani."

"Na wewe unashinda wapi?"

"Pale pale ghalani."

"Basi mkikutana humo ndani," akasema Milembe, "uisalimie. Uiambie Milembe anaikumbuka."

Philomena alicheka kabla hajajizuia, akajifanya anapiga chafya. Mayige hakucheka. Alimtazama Milembe kwa jicho la mtu anayetazama tope kwenye kiatu, akapanda pikapu, akaondoka.

Milembe hakumchukia Mayige. Kumchukia mtu ni kazi, na yeye kazi alikuwa nazo nyingi. Alimjua tu. Alimjua tangu akiwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika, kijana mwembamba mwenye kaptura, ambaye mkulima akitundika gunia lake kwenye mizani, karani anajisogeza kama anayesoma namba, kumbe chini analinyanyua gunia kwa goti. Kilo tano zinapotea, kilo nane, kutegemea nguvu ya goti siku hiyo. Wakulima walimpa jina la Goti, wakalisema mgongoni kwake tu. Chama kilipokufa, kila mtu alipoteza kitu. Mayige alitoka na mizani. Sasa mtu kama huyo akivaa koti, unamwona koti au unamwona goti? Milembe aliona goti.

Waliomchosha zaidi ni hawa majirani zake. Jioni ile walikaa nje, wakapanga kwenda kumwangukia Mayige nyumbani kwake. Anatoli akaandika barua yenye "mheshimiwa" mara nne.

"Mama Milembe, nawe utaweka kidole gumba hapa?" akauliza.

"Nilisoma mpaka darasa la tatu, najua kuandika jina langu. Ndiyo maana sitaliweka hapo."

"Lakini mama, tukinyenyekea..."

"Nyenyekeeni. Mkifika chini kabisa mniambie kuna nini."

Walikwenda. Walirudi. Barua ilikuwa imepokelewa na mkewe Mayige, akafungia nayo vitumbua.

Ijumaa alfajiri Kwandu akashikwa na uchungu. Ulikuja kwa kasi, hapakuwa na nafasi hata ya kutafuta baiskeli ya kumpeleka hospitali. Milembe akamwita Domitila, mama mtu mzima wa mtaa wa pili, mkunga ambaye yeye mwenyewe alizaa mapacha mara mbili na hakuona sababu ya kulificha hilo. Jua lilipokaa sawasawa, mtoto wa kike akawa ameshalia. Domitila akaweka mkono juu ya tumbo, akacheka, akamwita Milembe mama kwa Kisukuma.

"Mayu, yumo mwingine. Huyu wa kwanza katumwa tu kufungua njia."

Wa pili alikuwa wa kike pia. Kulwa na Doto. Majina hayo hayatafutwi, yanakuja na watoto wenyewe.

Domitila alipokwisha kumtengeneza mama na watoto, alitoka mlangoni akawaambia waliokuwepo, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa:

"Sikilizeni. Humu wamezaliwa mapacha. Humu hakitoki kitu. Si moto, si chungu, si ufagio, si hata kijiti cha kuchokolea meno, mpaka vitovu vya wote wawili vidondoke na nyumba ioshwe. Mnajua. Na mwenye nyumba aambiwe leo hii. Mapacha hawazaliwi kwenye mji wa mtu yeye akawa hajui."

Walijua. Kuna walioamini na kuna waliosema hawaamini, lakini hata hao wasioamini hujawahi kuwaona wakiomba moto nyumba ya mapacha. Kitu cha humo kikitoka kabla ya kuoshwa, kinakwenda na ule uzito wake wa wawili. Kikifika kwa mfugaji, ng'ombe wanatupa mimba. Kikifika kwenye pamba, pamba inachoma kwa ndani, unafungua gunia unakuta joto na weusi. Ndivyo walivyosema wazee, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kujaribu, hakuna aliyewahi kuwakanusha.

"Mimi ni katekista," akasema Anatoli, "mambo haya siyaamini." Akavaa viatu akaenda mbio kumwambia Mayige.

Alirudi ameinamisha kichwa.

"Kasemaje?" akauliza Domitila.

"Kacheka. Kasema, kama wameongezeka watu wawili, basi na kodi iongezeke."

Domitila alimtazama Milembe. Milembe alikuwa anachemsha uji wa mzazi. Aliukoroga mpaka ukaiva, akauonja, ndipo akasema: "Ameambiwa. Yatosha."

Jumamosi walikuja asubuhi, Mayige na Bundala, nyundo na mtaimbo. Kazi yenyewe haikuwa ngumu, maana wapangaji wenyewe waliifanya iwe rahisi. Philomena alikusanya misumari iliyodondoka akaitia kwenye kikombe, isije ikampotea mzee. Anatoli aliubeba mlango wake mwenyewe mpaka kwenye pikapu, akamwambia Bundala aulaze taratibu usikwaruzike. Wale wengine wawili wakashika wao huku na huku, wakapokezana, "pole pole, mzee, kuna jiwe hapo." Milembe alikaa kwenye mkeka wake akiwatazama. Katika maisha yake alishaona ng'ombe wakipelekwa mnadani, lakini hakuwahi kuona ng'ombe anayembebea mnunuzi kamba.

Milango minne ikawa imelala kwenye pikapu. Wakafika chumba cha mwisho. Bundala akauangalia mlango, akaweka nyundo chini.

"Bosi, huu mimi siushiki."

"Huushiki kwa nini?"

"Mama yangu bado yu hai, bosi. Na nina mbuzi."

"Wewe nani anakulipa?"

"Wewe, bosi. Lakini hujanilipa ya mlango huu."

Mayige akamtukana, akamtukania na mbuzi wake, akaokota nyundo mwenyewe. Kwa muda mrefu hakuwa ameshika kitu kizito kuliko kalamu. Alipiga bawaba, akapiga ukuta, akapiga kidole gumba chake, akakivuta mdomoni akakinyonya mbele ya watu kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Ndani Kulwa alianza kulia, Doto akamfuata.

"Mayige," akaita Milembe. Hakusema mzee, hakusema baba. "Uliambiwa?"

"Niliambiwa. Sisi wengine tulishatoka huko, mama. Watu wako kwenye biashara, nyie mko kwenye vitovu."

"Haya. Ushike vizuri basi, usikuangukie mguuni."

Akaubeba. Aliubeba kichwani peke yake, koti limempanda mgongoni, hata Anatoli safari hii hakujongea kumsaidia. "Jumamosi ijayo nikute pamehamwa," akasema akihema. Pikapu ikaondoka.

Upepo wa mwezi wa saba ukaingia chumbani bila hodi. Ulikuwa na vumbi la barabara, na asubuhi na jioni ulikuwa na baridi ambayo mtu mzima anaisikia kwenye mifupa, sembuse watoto wa siku moja. Milembe alitundika kitenge, kikapepea. Akashona magunia mawili ya pamba pamoja, akayatundika, akayawekea mawe chini. Kwandu alijikunja ukutani na watoto kifuani, mmoja kila upande.

"Mayu, tutakwenda wapi? Hata kusimama sijaweza."

"Hatuendi popote."

"Amesema Jumamosi."

"Amesema mengi. Wewe nyonyesha."

Milembe hakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, hakwenda mahakamani, hakwenda kwa mtu yeyote kushitaki. Alirudi kwenye mkeka wake, akaanika michembe. Ila mlango wake ulikuwa unatazama njia ya gulioni, na njia ile watu walipita wengi. Kila aliyepita alisimama kusalimu, akayaona magunia, akauliza.

"Mwadila, mayu. Mlango umekwenda wapi?"

"Mwadila. Kachukua Mayige."

"Humu si nasikia kuna mapacha?"

"Wamo. Kulwa na Doto."

"Na mlango kautoa? Wameshaoshwa?"

"Bado vitovu."

Basi. Hakuongeza neno, wala hakukunja uso. Mtu alikuwa anasimama pale kidogo, anatazama magunia, anatazama njia ya kwenda ghalani kwa Mayige, kisha anaondoka kwa mwendo wa haraka kuliko aliokuja nao. Kufikia Jumapili mchana Milembe alikuwa amejibu maswali hayo mara nyingi mpaka akawa anayajibu bila kuinua macho.

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya ununuzi msimu ule. Philomena alishinda pale gulioni na kikaango chake, mkabala na ghala la Mayige, akarudi jioni anakimbia, beseni la samaki kichwani nusu limejaa.

"Mama Milembe! Mama Milembe, nipe kigoda nikae, nitakufa."

"Usife umesimama. Kaa."

"Unajua ile milango kaipeleka wapi? Kaitandika ghalani! Sakafu ya ghala ina unyevu, basi kaipanga chini, yote mitano, apandishe pamba juu yake. Jumamosi na Jumapili kashanunua ya watu wake wachache kabla ya soko kufunguliwa, kairundika pale juu. Leo mikokoteni inaingia kutoka Lalago, mkokoteni wa kwanza ni wa mzee Januarius, unamjua, yule mwenye maksai weupe. Kafika mlangoni, hajashusha. Kamwuliza Mayige, 'Mwanangu, nasikia una mlango wa nyumba ya mapacha.' Mayige anasema, 'Mzee shusha pamba, bei nzuri leo.' Mzee anasema, 'Bei nimeisikia. Mlango uko wapi?' Mayige anasema, 'Upo humo chini na mingine.' Mzee anauliza, 'Upi?'"

"Akamwonyesha?"

"Hajui! Wallahi hajui! Yote ni mbao, yote ina vumbi, na pamba imeshafika usawa wa dirisha. Anasema, 'Mzee, mlango ni mlango.' Mzee Januarius kageuza maksai pale pale, kaenda kwa yule mnunuzi wa ng'ambo ya barabara. Na waliokuwa nyuma yake wote wakageuza, mama, mkokoteni kwa mkokoteni! Mayige kakimbia katikati ya njia kashika pembe ya ng'ombe, anawaambia, 'Jamani mnakwenda wapi, yule anawapunja!' Mzee Januarius kamwambia, 'Mwanangu, si soko huria?'"

Anatoli alikuwa anasikiliza mlangoni kwake pasipo mlango. "Ni ujinga," akasema, "lakini ni ujinga wenye faida."

"Wewe ulimbebea," akasema Milembe. "Usihesabu faida."

Ungekuwa ni mlango mmoja unaojulikana, Mayige angeuvuta, angeutupa nje, mambo yakaisha. Lakini alikuwa ameuchanganya kwa mikono yake mwenyewe na kuufunika kwa pamba. Sasa pamba yote ya ghalani ilikuwa pamba ya mapacha. Jumanne hakuja mkulima. Jumatano wapagazi wakagoma kuingia. Hata wale watu wake waliomuuzia Jumamosi wakaja kuomba pamba yao, alipokataa wakasema basi wao hawamo kwenye lawama. Lori la kupeleka pamba jineri kuchambuliwa lilisimama mbele ya ghala bila wa kulipakia, dereva analala chini yake, na kila siku ya lori ilikuwa na gharama. Herufi zile nyekundu za MAYIGE NA WANAWE, mtu fulani alizipaka alama ya goti kwa mkaa.

Alhamisi akaja. Safari hii alikuja anaendesha pikapu mwenyewe, milango mitano nyuma, nyuzi za pamba kwenye nywele kama mtu aliyekuwa analala jalalani. Koti alikuwa nalo. Domitila alikuwepo, alikuja kuangalia vitovu.

"Mama," akasema Mayige, na neno hilo lilitoka kwa shida. "Nimeleta milango. Chagueni wenu, tuyamalize."

Milembe aliunyooshea kidole wa chini kabisa bila kusogea. "Ule pale."

"Bundala hayupo. Nani atanisaidia kuushusha?"

Wapangaji wakatazamana. Anatoli aliinua mguu, Milembe akamwangalia, Anatoli akaurudisha mguu ulipokuwa. Mayige akashusha milango minne, mmoja mmoja, akafika wa tano, akaubeba mpaka pale. Alitaka kuuegemeza ukutani. Domitila akamzuia kwa ufagio.

"Hauingii."

"Si wenu huu?"

"Ulitoka mchafu, umelala kwenye pamba ya watu, unarudi mchafu zaidi. Utakaa hapo nje na utaoshwa siku ya kuosha. Na aliyeutoa ataoshwa nao. Vitovu bado siku mbili tatu. Jumapili baada ya misa uje."

"Nioshwe mimi?"

"Sasa nimwoshe nani, mbuzi wa Bundala?"

"Na nikishaoshwa, mtawaambia watu pamba iko safi?"

"Hatutawaambia. Wataona wenyewe. Watakuja kuona."

Mayige alitazama barabara, akatazama viatu vyake. "Sawa. Jumapili. Tumemaliza?"

"Bado," akasema Milembe. Akafuta kisu kwenye khanga, akakiweka pembeni. "Kuoshwa ni kwa idhini ya nyumba. Mimi ndiye mama wa nyumba hii mpaka binti yangu asimame. Na wewe umesema Jumamosi tuwe tumehama. Nani atakuosha kwenye nyumba iliyohamwa?"

"Hilo... hilo la Jumamosi naliacha."

"Hujaniachia kitu. Nina karatasi zako za pamba humu, zina sahihi yako. Toa kodi yangu humo, ya miezi iliyopita, na inayobaki iwe kodi ya mbele mpaka iishe. Na hawa wenzangu hivyo hivyo, ingawa hawastahili. Uandike, Anatoli asome kwa sauti, utie sahihi mbele ya watu kabla hujalowa."

"Mama, nilishawaeleza. Pamba ni ya kampuni. Nyumba ni..."

"Ndiyo, nimekuelewa vizuri," akasema Milembe kwa upole kabisa. "Ni vitu viwili. Sasa nieleze jambo moja. Mlango uliubeba wewe au iliubeba kampuni?"

Mayige akapangusa pamba kwenye nywele.

"Kama ni kampuni, basi wewe nenda zako nyumbani, huna kosa. Jumapili ije kampuni ikae hapa, Domitila aimwagie maji. Na kama ni wewe, uje wewe. Lakini pamba iliyolala juu ya mlango si yako, ni ya kampuni. Nayo itaoza kivyake."

Philomena hakujifanya kupiga chafya safari hii. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mmoja wa wale wawili, yule aliyekuwa anasema "kweli, mzee", akacheka pia, maana alikuwa mtu wa kucheka palipo na wengi.

Jumapili mtaa wote ulikuja. Walikuja wakulima wa Lalago, mzee Januarius akiwa mbele na fimbo yake. Wanunuzi wengine walikuja kuangalia mwenzao. Domitila alikuja na akina mama saba, kila mmoja amewahi kuzaa mapacha, wamejifunga majani viunoni juu ya khanga, na beseni la maji yaliyochanganywa na unga wa mtama. Mayige akakalishwa chini, kwenye vumbi, miguu imenyooshwa mbele, mlango umelazwa kando yake kama mwenzake. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa na kutiwa sahihi, Milembe ameikunja akaifunga kwenye pindo la khanga.

Siku ya kuosha mapacha, matusi ni halali. Ndiyo dawa yenyewe, bila matusi maji hayafanyi kazi. Anayetukanwa hajibu, hakasiriki, na akikunja uso wanaanza upya. Akina mama wale walikuwa na hamu ya miaka. Waliimba kwa Kisukuma, polepole kwanza, kisha kwa kukanyaga chini:

"Goti linakula, mdomo unasingizia njaa! Goti limejenga nyumba, mwenyewe hajui kufunga mlango!"

"Wanawe! Wanawe! Wako wangapi? Hata huyo mmoja tumwulize mama yake!"

Hizo ni zile zinazosemeka mbele ya watoto. Zilizofuata zilishuka chini ya mkanda na hazikupanda tena. Mzee Januarius alivua kofia akajifunika nayo mdomo. Anatoli alijitazama vidole vya miguu, lakini mguu wenyewe ulikuwa unafuata ngoma. Na Mayige alitabasamu. Ilimbidi. Tabasamu lilimkaa usoni kama bati lililopigiliwa msumari mmoja, na kwa kila ubeti mpya Domitila alichota maji ya unga akayamwaga, mara kwenye mlango, mara kwenye kichwa, yakashuka kwenye koti, yakajaza ule mfuko wa kalamu tatu.

Milembe hakuimba. Alikaa kwenye kigoda akitazama, hana furaha wala huruma. Mtu mzima aliyelowa unga alikuwa mbele yake, na hata hivi alivyolowa hakuwa ameongezeka wala kupungua. Alikuwa vile vile tu.

Nyimbo zikaisha. Watu wakapiga vigelegele. Na hapo hapo, kabla maji hayajakauka, majirani zake wakaanza. Philomena alileta kitambaa. Anatoli akasogeza kiti. "Pole, mzee. Umevumilia, mzee. Ni mila tu, mzee, usituwekee moyoni." Mmoja akapangusa viatu vyake. Milembe akavuta pumzi ndefu ya mtu anayeona mahindi yake yanaliwa na kuku wake mwenyewe.

Mayige akaweka mkono chini ainuke. Domitila akambonyeza bega.

"Kaa. Hujainuliwa."

"Bado nini tena?"

"Mama wa mapacha ndiye anayekuinua. Atoke, akuguse paji la uso, ndipo unasimama. Ukijiinua mwenyewe, tunaanza mwanzo."

Wakulima walisogea wasikie vizuri. Mikokoteni yao ilikuwa imesimama barabarani, imejaa, ikingoja kujua ielekee ghala lipi. Mayige akaketi tena, unga unamkauka kwenye nyusi.

Milembe akainuka, akaingia ndani akiyapisha magunia. Kwandu alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, rangi imeanza kumrudi usoni. Kulwa alikuwa anamnyonya, na Doto amelala mapajani mdomo wazi.

"Wanakusubiri, mwanangu. Umguse asimame."

Kwandu hakuwa amesema neno kuhusu Mayige tangu siku ile ya mlango. Alimtazama mtoto, akamrekebisha kichwa.

"Karatasi unayo, mayu?"

"Ninayo hapa."

"Imesema mpaka lini?"

"Mpaka mwezi wa pili mwakani."

Kwandu akafikiri kidogo. Nje mtu alikohoa, na ng'ombe wa mkokoteni mmoja akalia.

"Kamwambie huyu hajashiba," akasema. "Na akishiba, nitamwamsha Doto."

Milembe akatoka, akasimama mlangoni, akawaambia hivyo hivyo, neno kwa neno.